Rangi ya ekzosi isiyobanduka: unachaguaje?

Wakuu, kabla hujatoa hela ya rangi jua kwanza unapaka wapi, maana ekzosi haipati joto sawa kote. Kwenye manifoldi, yale mabomba yanayokusanya moshi pale kwenye injini, gari ya petroli ikikamuliwa inaweza kupita nyuzi 700 za Selsiasi, ila ukifika kwenye mafla, ile sehemu ya kupunguza kelele huko nyuma, joto limeshashuka sana. Kwa hiyo mafla inatosha rangi ya kupuliza ya silikoni inayobeba nyuzi 600 hivi, manifoldi na bomba la mbele tafuta ya seramiki. Rangi ya injini achana nayo kabisa, nyingi mwisho wake ni nyuzi 260 na kidogo.

Halafu someni kopo jamani. Makopo mengi ya Marekani yameandikwa Farenhaiti, mtu anaona 1200 anafurahi kumbe ni kama 650 tu za Selsiasi, na zile namba kubwa kubwa mara nyingi ni joto la muda mfupi, sio la safari ya Dar mpaka Mbeya.

Rangi ya bei juu ya kutu ni hela umetupa. Kwangua kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, ukipata mtu wa sandiblasti (kusafisha chuma kwa kupuliza mchanga kwa presha) ndo bora zaidi hasa kwa seramiki, kisha futa kwa asetoni na usiguse tena kwa mkono mtupu, mafuta ya vidole tu yanatosha kuibandua. Praima (rangi ya kwanza ya chini) ya kawaida na puti ya kuziba mabonde hapana, vinaungua na kuondoka na rangi yote. Puliza nyembamba nyembamba mara mbili tatu, ikiwa nene inatoa malengelenge.

Sasa kuna hatua wengi wanairuka, kuioka. Silikoni ikikaushwa na hewa tu bado laini, ukimwagia petroli inatoka. Kama kopo halina maelekezo yake, iache ikauke, washa gari dakika 10 bila kukanyaga mafuta, zima ipoe kabisa, washa tena dakika 20, zima ipoe, ndo uendeshe. Fanyia nje, itafuka moshi na harufu yake sio ya mchezo.

Mnaokaa pwani chumvi inakula nje, lakini maji yanayobaki ndani ya bomba nayo yanakula ndani na hapo rangi haisaidii kitu. Gonga mafla na spana kabla hujanunua chochote, ukisikia vipande vinachezacheza humo ndani hiyo hela mpelekee fundi wa kuchomelea.