Pesa ya dizeli ya halmashauri: namna ya kuifuatilia kutoka Kigoma mpaka iulizwe Bungeni

Wakuu habari za saa hizi. Kila mwaka wimbo ni ule ule, gari la wagonjwa halina mafuta, magari ya serikali yanaonekana mjini mpaka Jumapili, mbunge akija kwenye mkutano tunamwambia "mheshimiwa, mafuta!" na yeye anasema amelipokea, imeisha hiyo. Mimi naamini kabisa mbunge ukimpa lalamiko atakupa pole, ila ukimpa swali lenye lita, mwaka wa fedha na ukurasa wa ripoti, hapo naibu waziri inabidi akatafute majibu. Na kuandaa swali la namna hiyo mtu wa Kasulu, Kakonko au Uvinza anaweza akiwa na simu na bando tu, sema watu hawajui pa kuanzia.

Kwa nini nakomaa na mafuta na sio kitu kingine? Kwa sababu huku kwetu mafuta ndo huduma yenyewe. Mafuta yanashuka bandarini yanasafiri zaidi ya kilomita elfu moja mpaka yafike hapa, kwa hiyo lita moja Kigoma huwa inaizidi ya Dar kwa shilingi mia mbili na kitu. Halafu kuna kata kama Kalya na Buhingu ziko mwambao wa ziwa kule kusini, mgonjwa anabebwa kwa boti. Mama ana uchungu usiku, ndugu wanaambiwa wachange mafuta kwanza ndo chombo kiwashwe, wanaanza kupigiana simu kutafuta elfu kumi kumi. Wakati kwenye bajeti mstari wa dizeli upo na pesa imeandikwa. Hiyo ndo inayoniuma.

Haya, tuanze.

Kwanza jua gari ni la nani, na hilo plate namba inakwambia. SM ni serikali za mitaa, yaani halmashauri. STK, STL na ndugu zake wote wanaoanza na ST ni serikali kuu, humo utakuta ofisi ya mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya na wizara. SU ni mashirika ya umma. DFP ni miradi ya wafadhili. Usidharau hii hatua maana ndo inaamua swali lako linaenda wapi. Mafuta ya SM yanaangaliwa na LAAC, ile Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, na anayeitwa kujibu ni mkurugenzi wa halmashauri kama afisa masuuli, yaani mwenye dhamana ya pesa za ofisi. Mafuta ya ST yanaenda PAC, Kamati ya Hesabu za Serikali, na kwa ngazi ya mkoa anayejibu ni katibu tawala wa mkoa. Hesabu za mashirika pia ni PAC, halafu PIC wao wanaangalia uwekezaji wa mitaji ya umma kwenye hayo mashirika. Watu wa Kigoma hizi kamati sio ngeni kwetu, Zitto Kabwe akiwa mbunge wa Kigoma Kaskazini aliwahi kuiongoza PAC. Ukipeleka swali la SM kwa mjumbe wa PAC atakuelekeza tu sehemu nyingine, umepoteza muda.

Ukishajua hilo chukua bei. EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanatangaza bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa inayoruhusiwa, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwenye tovuti yao kuna jedwali la kila wilaya, petroli, dizeli na mafuta ya taa, au piga *152*00# ufuate maelekezo, ni bure. Piga skrinshoti kila mwezi uhifadhi kwenye simu. Miezi 12 ya skrinshoti ni silaha ndugu yangu, maana siku ukikuta halmashauri imelipa dizeli kwa bei iliyo juu ya kikomo cha wilaya yenu mwezi huo, hauhitaji mtaalamu wa kukuambia kuna shida. Bei nayo inapanda na kushuka kweli, Agosti 2022 petroli Dar ilifika 3,410 na hapo serikali ilikuwa imeshaweka ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi, kwa hiyo mtu akikwambia matumizi ya mafuta yamepanda mwaka huo usimrukie, anaweza kuwa mkweli. Ndo maana muhimu kupita yote ulizia LITA, sio shilingi peke yake. Shilingi zinapanda kwa bei, lita zinapanda kwa safari au kwa wizi.

Sasa ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Hapa ndo utamu ulipo na ndo sehemu nataka utulie nayo. Kwa Ibara ya 143 ya Katiba, CAG anampa Rais ripoti na inatakiwa iingie Bungeni ndani ya siku saba tangu kikao cha kwanza kianze, kwa kawaida tunaiona mwezi Aprili. Inahusu mwaka wa fedha uliokwisha Juni mwaka wa nyuma yake. Nenda tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi udaunlodi ile ya serikali za mitaa, matoleo ya Kiswahili yapo. Ni kubwa kweli, usianze kuisoma kama gazeti. Tafuta maneno haya ndani ya pdf: mafuta, dizeli, logi buku, daftari la safari, vielelezo, halafu jina la halmashauri yako. Kigoma tuna nane: Manispaa ya Kigoma Ujiji, Kigoma, Kasulu Mji, Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe na Uvinza. Hoja ya mafuta huwa inakuja kwa sura zile zile, mafuta yamenunuliwa ila hayakuandikwa kwenye logi buku, yaani daftari la safari za gari, au malipo hayana vielelezo, au matengenezo ya gari yamefanyika gereji za mtaani bila utaratibu wa TEMESA, wakala wa serikali wa matengenezo ya magari. Mara nyingi jina la halmashauri liko kwenye jedwali la kiambatisho mwishoni na sio kwenye maelezo, kwa hiyo usikate tamaa ukikosa kurasa za mbele.

Ukiipata andika mwaka wa ripoti, ukurasa, kiasi, na maneno yenyewe ya mkaguzi. Usiongeze chumvi hata punje. Mkaguzi akisema mafuta "hayakuandikwa kwenye daftari" hajasema yameibiwa, na wewe usiseme.

Kama halmashauri yako haimo kwenye jedwali bado kuna njia. Chukua vitabu vya bajeti, Juzuu ya Tatu ndo ya mikoa na halmashauri, Kigoma ni Fungu 74, ndo namba ya mkoa kwenye bajeti. Utaona mistari ya dizeli kwa idara. Halafu piga hesabu ndogo hii. Land Cruiser hadtopu kwenye barabara za huku, vumbi na milima ya Buhigwe, tuseme inakula lita moja kwa kilomita 7. Ukiambiwa gari moja lilitumia lita 600 kwa mwezi, hiyo ni kilomita 4,200, sawa na kilomita 140 kila siku ya Mungu bila kupumzika hata Jumapili. Inawezekana? Kwa gari la chanjo linalozunguka vijiji, ndio. Kwa gari la ofisini linalolala mjini, mtu aje na logi buku atuoneshe hizo safari. Pia ujue magari ya serikali yanatakiwa kuchota GPSA, ule wakala wa ununuzi wa serikali, na mara nyingi taasisi inaweka pesa kwanza halafu magari yanachota kidogo kidogo, kwa hiyo swali zuri sana ambalo watu hawalitumii ni "salio letu la mafuta GPSA lilikuwa lita ngapi mwisho wa Juni?"

Kabla hujafika Dodoma pita kwa diwani. Baraza la madiwani ni la wazi, unaruhusiwa kukaa ukasikiliza, na kuna baraza maalumu la kujadili hoja za CAG kila mwaka, hilo usilikose. Diwani mwenye karatasi yako mkononi anaweza kumuuliza mkurugenzi pale pale mbele ya mkuu wa mkoa. Mambo mengine yanaishia hapo na hiyo ni heri, gari la wagonjwa linapata mafuta wiki hiyo hiyo badala ya kusubiri kikao cha Bunge.

Wakikunyima taarifa, iko Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Andika barua kwa afisa habari wa halmashauri, jina lako, anwani, wewe ni raia, unataka nini hasa, mfano muhtasari wa lita za dizeli zilizochotwa na kila gari la wagonjwa kwa robo mwaka fulani. Wana siku 30 za kukujibu. Nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi, bila muhuri barua haijawahi kufika hiyo.

Sasa mbunge. Usimpe mafaili, mpe ukurasa mmoja. Na swali usiliandike "Je, Serikali ina mpango gani wa kupeleka mafuta ya kutosha?" maana jibu lake sote tunalijua kwa moyo, serikali itaendelea kutenga fedha kadiri ya upatikanaji. Liandike hivi: "Je, ni lita ngapi za dizeli zilinunuliwa kwa magari ya kubebea wagonjwa ya Halmashauri fulani katika mwaka wa fedha fulani, na ni lita ngapi kati ya hizo zimeandikwa kwenye logi buku?" Hapo jibu ni namba mbili, ama zipo ama hazipo. Halafu, na hii ni muhimu mno, mwandikie na maswali mawili ya nyongeza, kwa sababu utaratibu ndo huo, akishajibiwa anasimama tena na mawili. La kwanza liwe la tarehe, lini tofauti hiyo itatolewa maelezo. La pili liwe la mtu, nani kama afisa masuuli amechukuliwa hatua gani. Wabunge wengi wanaishiwa hapo kwenye nyongeza wanaanza kuomba na barabara, swali kuu linafia hapo hapo.

Na kama mbunge wako sio mjumbe wa LAAC, mwombe ampelekee mjumbe ule ukurasa kabla kamati haijakaa na halmashauri yenu. Ripoti za kamati zinakuja kujadiliwa Bungeni baadaye, 2022 na 2023 ilikuwa Novemba, kwa hiyo kati ya Aprili na hapo una miezi ya kufanya kazi.

Usafiri wa abiria ni mlango mwingine ila misingi ni ile ile. Nauli ya basi la mkoani inapangwa na LATRA, wadhibiti wa usafiri wa nchi kavu, kwa kilomita, Desemba 2023 daraja la kawaida liliwekwa shilingi 48.47 kwa kilomita kwa abiria, ulizia kiwango cha sasa, zidisha na umbali uone kama konda anakuonea. Ziwani sio LATRA, ni TASAC, wale wa meli na boti. Meli ya Liemba ilikaa miaka ikisubiri ukarabati na watu wa mwambao wakabaki na boti za mbao za petroli, hapo swali la mbunge liwe gharama ya mafuta ya kufika Kalya ni nani anaibeba, maana sasa hivi ni mwananchi mwenyewe. Umeme nao ulikuwa hesabu ya dizeli, mkoa mzima ulikuwa unaendeshwa na majenereta, wabunge wetu wamelisemea miaka na miaka, 2022 gridi ikaanza kuingia na majenereta yakaanza kuzimwa.

Tahadhari moja. Usimpige picha dereva ukamrusha mtandaoni na maneno ya wizi, dereva anatumwa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina huruma na taarifa usiyoweza kuithibitisha. Kaa na nyaraka.

Baada ya swali kujibiwa subiri Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, itoke kwenye tovuti ya Bunge, kata ule ukurasa wa jibu, peleka nakala kwa diwani na nyingine ibandikwe ofisi ya kata, na andika kwenye kalenda ile tarehe waziri aliyoitaja. Ikifika bila kitu, kikao kinachofuata mbunge anauliza akinukuu jibu lenyewe. Mlio Tabora mambo ni haya haya, ila kwenye Juzuu ya Tatu fungueni Fungu 85.