Namna ya Kushindana na Farasi Machachari Katika Mashindano ya Awamu Tatu

Mashindano ya farasi ya awamu tatu yalipoingia katika Michezo ya Olimpiki mjini Stockholm mwaka 1912, washiriki walikuwa maofisa wa jeshi, na swali lililoulizwa lilikuwa la kijeshi: je, farasi aliyenolewa kwa mbio ndefu na kuruka mitaro anaweza pia kutulia na kutii mbele ya waamuzi? Dresaji (miondoko ya utiifu mbele ya waamuzi), kroskantri (mbio za nje zenye viunzi imara) na kuruka viunzi uwanjani bado vinauliza swali hilo, hata katika mashindano madogo ya wapandaji wa ridhaa. Kwa hiyo mwenye farasi machachari hana mnyama asiyeufaa mchezo huu. Ana mnyama aliyezaliwa na nusu ya sifa zinazotakiwa, na kazi iliyobaki ni kuipangia nguvu hiyo ratiba. Kwa maoni yangu, farasi wengi wa aina hii huharibiwa na dakika zilizopangwa vibaya kuliko na upungufu wa mafunzo.

Kabla ya kufika kwenye ratiba, hakikisha kwamba hiyo unayoiita jazba si maumivu. Farasi anayetaka kung'ata mkanda wa tumbo unapokazwa, anayerusha kichwa kila lijamu inapoguswa, au anayepiga mkia mfululizo anapokimbia, anastahili kuonwa na daktari wa mifugo akaguliwe meno, mgongo na miguu, na tandiko lake lipimwe na fundi anayeijua kazi hiyo. Vidonda vya tumbo navyo ni vya kawaida kwa farasi wa michezo, kwa kuwa tumbo la farasi hutoa asidi muda wote, hata likiwa tupu, ilhali siku ya mashindano ndiyo siku ambayo wapandaji wengi huwanyima nyasi tangu alfajiri kwa hofu ya kuwaongezea nguvu. Hofu hiyo imeelekezwa mahali pasipofaa. Chakula kinachoelekea kumchemsha farasi ni nafaka zenye wanga mwingi, wala si nyasi kavu. Mpe nyasi zisizopungua asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku, ambazo kwa farasi wa kilo 500 ni kilo 7.5 zikiwa kavu, na nishati iliyobaki itafute kwenye nyuzinyuzi na mafuta, ukibadilisha mlo polepole kwa wiki mbili au zaidi.

Usitafute njia ya mkato kwenye chupa. Asepromazini na dawa nyingine za kutuliza haziruhusiwi mashindanoni chini ya kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi (FEI), na hata mmea wa valeriani, ambao huuzwa kwa jina zuri la kitu cha asili, umo katika orodha ya vilivyokatazwa. Kando ya kanuni, farasi aliyelegezwa kwa dawa huchelewa kunyanyua miguu, na viunzi vingi vya kroskantri vimejengwa imara, haviporomoki vikigongwa.

Mafunzo ya nyumbani hayawezi kuiga mashindano, lakini safari zisizo na mashindano zinaweza. Mpeleke farasi kwenye uwanja wa mashindano siku ambayo hujaandikisha jina, mfunge kando ya trela na wavu wa nyasi mbele yake, mtembeze kwa mkono akasikie vipaza sauti na kuona bendera zinavyopepea, kisha mrudishe nyumbani bila kumwomba chochote. Safari ya pili au ya tatu unaweza kumpanda katika eneo la kupashia misuli moto, ukiwa umeomba ruhusa ya waandaaji, na baadaye ukashiriki awamu moja tu bila kuhesabiwa katika matokeo, pale ambapo kanuni zinaruhusu. Ikiwa farasi wako hulia na kuzunguka kila mwenzake anapoondoka, mzoeze nyumbani kuachana naye kwa dakika chache, kwa maana tatizo hilo huongezeka maradufu mahali pageni.

Inafaa pia uijue hesabu ya pointi, ili usipigane vita visivyo na faida. Katika dresaji kila mwondoko hupewa alama kati ya 0 na 10, asilimia hupatikana kwa kujumlisha, na upungufu wake hadi 100 ndio pointi zako za adhabu: aliyepata asilimia 65 huondoka na adhabu 35. Chukua jaribio lenye jumla ya alama 200, na farasi wako ashtuke katika miondoko minne ambayo kila mmoja ushuke kutoka alama 7 hadi 4. Umepoteza alama 12, yaani pointi 6 za adhabu. Kuangusha mti mmoja katika kuruka viunzi ni pointi 4, na kugoma mara moja mbele ya kiunzi cha kroskantri ni pointi 20. Mpandaji anayetoka kwenye dresaji akiwa amekasirika, akaadhibu farasi na kuingia awamu zinazofuata mikono ikiwa imekaza, hufanya biashara mbaya sana.

Sasa ratiba yenyewe. Ihesabu kuanzia mwisho kurudi nyuma. Zamu yako ya dresaji ikiwa saa nne kamili asubuhi, saa nne kasoro dakika tano uwe unatembea kuelekea uwanjani, saa tatu na nusu uwe mgongoni, saa tatu na dakika kumi farasi aanze kutandikwa, na saa moja na nusu trela liwe limeshaegeshwa ili apate nafasi ya kutazama mazingira, kula nyasi na kutembezwa kwa mkono. Namba ya mshiriki, kofia na fulana ya kinga viwekwe tayari usiku uliotangulia, kwa sababu farasi wa aina hii huisoma haraka yako kabla hujamgusa. Kama una msaidizi au saisi, mpe kazi moja tu ya maana: kuangalia saa na kuuliza kama zamu zinakwenda kwa wakati. Uwanja ukichelewa kwa dakika ishirini na wewe hujui, utakuwa umeshamaliza utulivu wote wa farasi wako kwenye uwanja wa mazoezi.

Muda wa kupasha misuli moto hauna kipimo kimoja. Kuna farasi anayetulia baada ya dakika arobaini, na kuna ambaye dakika ya kumi na tano ndiyo kilele chake na kila dakika inayoongezwa humchemsha. Huyu wa pili nampendekezea vipindi viwili: umpande kwa dakika ishirini za kazi nyepesi saa moja na nusu kabla ya zamu, umrudishe kwenye nyasi, kisha umpande tena kwa dakika ishirini za mwisho. Sikubaliani na desturi ya kumzungusha kwa kamba ndefu hadi achoke. Mizunguko midogo ya kasi huumiza viungo vya miguu, na anayefanyishwa hivyo kila wiki huzidi kuwa na pumzi, hivyo mwezi ujao atahitaji kuzungushwa muda mrefu zaidi.

Ukiingia eneo la mazoezi, shika kona ambayo wengine hawaipendi na uanze kwa mwendo wa kutembea. Kwa kawaida wanaokutana hupishana mkono wa kushoto kwa mkono wa kushoto. Farasi wako akipiga teke, mfunge utepe mwekundu mkiani ili wenzako wakae mbali. Kisha uangalie kinachotokea farasi mwingine anapokuja mbio kutoka nyuma: shingo inanyanyuka, mgongo unakaza chini ya tandiko, hatua zinakuwa fupi, na wewe, bila kujua, unashika pumzi, unabana mapaja na kuondoa miguu ubavuni mwake. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa farasi machachari asiyeguswa na mguu hushtuka zaidi siku mguu unapomgusa kwa bahati mbaya. Uweke mguu ubavuni kwa upole, utoe pumzi kwa sauti, na umpe kazi inayoishughulisha akili yake: duara la mita 20, kisha la mita 15, kusogea pembeni hatua chache, kutoka mwendo wa matiti (mbio nyepesi, kati ya kutembea na kukimbia) kwenda kutembea na kurudi matiti kila baada ya hatua kumi. Usivute hatamu mfululizo. Farasi anayevutwa hupata kitu cha kuegemea, na kilo 500 zikiegemea mikono yako huna utakaloshinda. Mshike kwa hatua moja, mwachie, mshike tena. Ukanda wa shingoni husaidia sana hapa, kwa sababu mpandaji anayeogopa farasi kuruka ghafla huushika huo badala ya kinywa cha farasi, lakini soma kwanza kanuni za chama chako kuhusu vifaa vinavyoruhusiwa katika kila awamu, hasa dresaji, ambayo ina masharti makali kuliko zote.

Unapoitwa, tumia nafasi ya kuzunguka nje ya uwanja kabla ya kengele. Mpitishe mbele ya meza ya mwamuzi iliyo kwenye herufi C, pande zote mbili, huku ukimpindisha kidogo shingo ili asikikodolee macho kitu hicho. Kengele ikilia usikurupuke. Kanuni nyingi hutoa sekunde 45 za kuingia, nazo ni nyingi kuliko zinavyodhaniwa. Ndani ya uwanja, panda kona kwa ukamilifu na uanze kila badiliko la mwendo hatua moja mapema kuliko ulivyozoea. Farasi huyu akikataa kusimama kabisa kwenye mstari wa kati, salimia kwa kifupi na uendelee, maana kung'ang'ania kusimama kunaweza kuharibu na mwondoko unaofuata.

Awamu ya kuruka viunzi haina mengi. Miruko sita au minane ya mazoezi inatosha, wa mwisho uwe rahisi, na usikae langoni ukitazama wengine wakiruka. Kumbuka kwamba katika awamu hii kuzunguka duara ili kumtuliza, ukaikata njia yako mwenyewe, huhesabiwa kuwa ni ukaidi na kuadhibiwa, kwa hiyo kona ndefu ndizo breki zako.

Kroskantri inahitaji uangalifu zaidi, na kizimba cha kuanzia ndicho mahali pagumu kuliko pote. Farasi akishajua maana ya kile kiboma cha miti, hutokwa jasho, hurudi kinyumenyume au husimama kwa miguu ya nyuma. Usimwingize mapema. Mtembeze mita ishirini kutoka hapo, muulize mwanzishaji muda uliobaki, na uingie zikiwa zimesalia sekunde kumi au kumi na tano. Ingia ukitembea, zunguka taratibu ndani, na ishara ya kuanza ikitolewa utoke ukitembea au kwa matiti, hata kama wengine wametoka kwa kishindo. Kanuni nyingi huruhusu msaidizi kumshika farasi hadi ishara itolewe, ila awe mtu anayefahamika kwa farasi na asiyepiga kelele. Nyumbani unaweza kujenga kizimba cha fimbo nne na kumwingiza na kumtoa mara nyingi akitembea tu, hadi kizimba kisimaanishe mbio.

Kasi nayo hufundishwa kwa saa. Pima mita 400 kwenye uwanja wazi, uweke alama mwanzo na mwisho, na ujifunze jinsi dakika moja inavyohisika kati ya alama hizo, kwa sababu mwendo wa mita 400 kwa dakika, ambao ni wa kawaida katika ngazi za chini, huonekana wa polepole mno kwa farasi mwenye pupa. Njia ya mita 2,000 kwa mwendo huo huchukua dakika tano. Kila sekunde inayozidi hutozwa pointi 0.4, hivyo kuchelewa kwa sekunde 15 ni pointi 6, bei nafuu ukilinganisha na kugoma au kuanguka, na mpandaji akianguka kwenye kiunzi huondolewa mashindanoni. Kanuni za baadhi ya nchi pia huwaadhibu wanaomaliza mapema mno katika ngazi za chini.

Anza kumpunguza mwendo mbali na kiunzi kwa kunyanyua kifua na kukaa wima, ili hatua tano za mwisho umwachie aone anachokiruka. Ukivutana naye hadi mguuni mwa kiunzi, atanyanyua kichwa na hataona kitu. Penye kiunzi kinachotoka juani kuingia kivulini punguza mapema zaidi, kwa kuwa macho ya farasi huchukua muda mrefu kuliko yetu kuzoea giza. Akikuzidi nguvu kabisa, chagua mahali pa wazi kati ya viunzi viwili vinavyojitegemea, umpeleke kwenye duara kubwa na ulipunguze. Utapoteza muda, lakini si pointi 20.

Baada ya mstari wa mwisho usimsimamishe ghafla. Mshushe hadi matiti, kisha kutembea, shuka, legeza mkanda, mmwagie maji na umtembeze hadi pumzi irudi. Moyo wa farasi aliyepumzika hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Muda mfupi baada ya mbio utakuwa juu sana, lakini baada ya robo saa uwe unashuka waziwazi, na usiposhuka mwite daktari. Farasi machachari huficha uchovu kwa sababu ari humfanya akimbie kupita uwezo wake, na ndiyo maana miguu yake ikaguliwe kwa kiganja jioni hiyo na tena asubuhi inayofuata, ukitafuta joto au uvimbe. Andika dakika ulizotumia kupasha misuli moto, saa uliyopanda na wakati hasa alipoanza kukusikiliza. Usimpandishe ngazi kwa sababu tu alimaliza bila kosa. Subiri hadi amalize ngazi ile ile tena akiwa anatoka kizimbani kwa mwendo wa kutembea.