Somo: Jinsi ya Kuchunguza Ajira Iliyoharibika Kabla ya Kutangaza Nafasi Upya

Somo hili linawahusu wakuu wa shule, mameneja na wajumbe wa bodi katika shule zisizo za serikali nchini Tanzania, ambako shule yenyewe ndiyo inayomchagua mwalimu na yenyewe ndiyo inayobeba hasara ya kumchagua vibaya. Mwalimu anapoondoka katikati ya muhula, au anapobaki bila kufundisha ipasavyo, kikao cha uongozi mara nyingi humaliza jambo kwa kusema kwamba hakuwa na wito. Huenda ni kweli, lakini kauli hiyo haimsaidii mkuu wa shule katika usaili ujao, kwa sababu inamweleza aliyeondoka na kuwanyamazia waliomchagua. Tutakachochunguza hapa ni uamuzi wa jopo.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba kosa lilikuwa la kuajiri

Walimu wengi wa shule binafsi huomba kazi serikalini, na kila nafasi zinapotangazwa shule hupoteza watu wazuri ndani ya muda mfupi. Hilo ni suala la maslahi na uhakika wa ajira, na jopo la usaili halipaswi kulaumiwa kwalo. Vilevile, mwalimu aliyefundisha vizuri kwa miaka mitatu kisha akazorota aliajiriwa sawasawa. Tafuta kilichobadilika kwake au kwenu.

Hatua ya 2: Kusanya kumbukumbu kabla ya kukutana

Toa tangazo la kazi, barua ya maombi, alama za usaili, maelezo ya wadhamini, mkataba na ratiba ya vipindi aliyopewa alipofika. Katika shule nyingi utakuta barua na nakala za vyeti tu, na upungufu huo wenyewe ni jibu la kwanza la uchunguzi wako. Kisha mwombe kila aliyekuwa kwenye jopo aandike peke yake, kabla ya kikao, ni jambo gani lililomshawishi kumkubali mwombaji na ni shaka gani aliyokuwa nayo siku ile. Mkikaa pamoja kwanza, kumbukumbu za wote zitafuata maneno ya mkubwa aliyetangulia kusema, na karibu kila mtu atajikuta akikumbuka kwamba yeye alikuwa na wasiwasi tangu mwanzo.

Hatua ya 3: Tafuta mahali uamuzi ulipopotoka

Hapa ndipo kazi ilipo, na msiifanye kwa haraka. Tuchukulie kwamba mwalimu wa Fizikia mwenye uzoefu wa miaka 12 aliajiriwa Januari akaondoka Machi, na kikao kimeandika kwamba alikuwa mvivu. Kumbukumbu zikifunguliwa, tangazo linaonyesha kwamba nafasi ilikuwa ya Fizikia Kidato cha Tatu na cha Nne, ilhali ratiba inaonyesha kwamba aliongezewa Hisabati ya Kidato cha Kwanza na zamu ya bweni. Katika usaili aliulizwa kuhusu familia yake, dini yake na sababu za kuhama kituo cha zamani, lakini hakuna aliyemwuliza angefundishaje mada ngumu kwa darasa lisilo na maabara. Wadhamini wake wawili walikuwa rafiki zake, na hawakupigiwa simu. Tangu aripoti hadi aondoke, hakuna aliyeingia darasani kumwangalia. Mtu huyo huenda alikuwa mvivu kweli, lakini shule haikuwa na njia ya kujua kabla ya kumwajiri, na baada ya kumwajiri haikuwa na njia ya kumsaidia.

Kwa hiyo jiulizeni kwa mfuatano huu: Je, tuliieleza kazi kama ilivyo? Je, tulipima yale ambayo kazi hiyo inadai? Je, kulikuwa na taarifa tuliyokuwa nayo tukaipuuza? Je, tulimpokea na kumwongoza? Kwa maoni yangu swali la tatu ndilo linalouma zaidi, kwa kuwa mara nyingi dalili ilionekana, ila nafasi ilikuwa wazi, wazazi walikuwa wanalalamika, na muhula ulikuwa unafunguliwa Jumatatu.

Hatua ya 4: Badilisha utaratibu mahali hapo palipopotoka

Msiandike mwongozo mpya wa kurasa nyingi ambao hautasomwa. Ikiwa kosa lilikuwa katika kupima, mpeni kila mwombaji mada moja, aandae andalio la somo, kisha afundishe kipindi kizima cha dakika 40 mbele ya wanafunzi halisi huku jopo likijaza alama. Pia waulizeni waombaji wote maswali yaleyale, na kila mjumbe aandike alama zake kabla ya majadiliano. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na wanasaikolojia Frank Schmidt na John Hunter mwaka 1998 yalionyesha kwamba usaili uliopangwa, yaani wa maswali yaleyale kwa waombaji wote, hutabiri utendaji vizuri kuliko mazungumzo huria, na kwamba idadi ya miaka ya uzoefu ikichukuliwa peke yake hutabiri kidogo sana. Paul Sackett na wenzake walipopitia upya hesabu za aina hiyo mwaka 2022, usaili uliopangwa ndio ulioshika nafasi ya juu kati ya njia za kuchagua wafanyakazi. Shule zetu hufanya kinyume: miaka ya kazini huhesabiwa kwa makini, na usaili huachwa uende unavyokwenda.

Kuhusu vyeti, msiridhike na nakala. Aprili 2017 ripoti ya uhakiki aliyokabidhiwa Rais John Magufuli mjini Dodoma iliwataja watumishi wa umma 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi. Ikiwa Serikali yenyewe ilipitwa, shule yenye ofisi moja haina sababu ya kujiamini. Linganisheni namba ya mtihani na matokeo ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), na penye shaka ombeni uthibitisho rasmi.

Hatua ya 5: Tumia kipindi cha matazamio (miezi ya mwanzo ya kumpima mwajiriwa) kama sehemu ya usaili

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka mpaka muhimu: masharti yake kuhusu kuachishwa kazi isivyo halali hayamhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo. Mpaka huo usiwe kisingizio cha kumfukuza mtu ovyo, lakini unaonyesha kwamba tathmini inayofanyika mwezi wa saba imechelewa. Panga kumwangalia darasani katika wiki za mwanzo, kisha tena kabla ya mwisho wa muhula wa kwanza, na kila mara mpe maoni yaliyoandikwa ambayo naye atayasaini.

Maswali ya wanachama

*Mkuu wa shule ya sekondari, Mbeya: Mwalimu, shikamoo. Sisi mwenye shule ndiye meneja, na mwalimu aliyeshindwa ni mpwa wake. Nitaanzaje uchunguzi huu bila kuonekana namshambulia?*

Marahaba. Usianze na mpwa. Anza na vipindi ambavyo havikufundishwa, madaftari ambayo hayakusahihishwa na azimio la kazi lililoachwa njiani, kisha umwombe meneja akubali jambo moja tu kwa siku zijazo: yeyote anayependekezwa na familia afundishe kipindi cha majaribio kama wengine, na pendekezo la meneja liingizwe kwenye kumbukumbu kwa maandishi. Wamiliki wengi hukubali, kwa kuwa utaratibu huo unawapa nao namna ya kumkatalia ndugu bila ugomvi wa nyumbani.

*Mwalimu wa taaluma, Kigoma: Nafasi ya Fizikia ilipata mwombaji mmoja tu. Utaratibu wote huu una maana gani kwetu?*

Una maana kubwa kwenu kuliko kwa shule ya mjini. Kabla ya kumsaili, andikeni kiwango ambacho chini yake ni heri kuungana na shule jirani kumtumia mwalimu wa muda. Akivuka kiwango hicho huku akiwa na upungufu, mwajirini mkiwa mmeandika upungufu huo, nani atamsaidia na kwa muda gani. Ila chunguzeni pia kwa nini aliomba mmoja. Mara nyingine jibu liko kwenye nyumba ya kuishi, au kwenye mishahara inayochelewa.

*Mjumbe wa bodi, Morogoro: Mwalimu wetu ana miezi minane na hatukuwahi kumwandikia chochote. Je, tunaweza kumpa notisi ya siku 28 tukaachana naye?*

Notisi haichukui nafasi ya sababu. Kwa kuwa ameshapita miezi sita, mnahitaji sababu halali na utaratibu wa haki: aelezwe upungufu wake, apewe mwongozo na muda wa kutosha wa kurekebisha, aonywe, na asikilizwe kabla ya uamuzi. Akiona ameonewa ana siku 30 tangu kuachishwa kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Anzeni leo, na msithubutu kuandika barua za onyo zenye tarehe za nyuma.

*Mkuu wa shule ya bweni ya wasichana, Arusha: Tuliletewa barua nzuri sana ya mdhamini, baadaye tukasikia kwamba shule ile ilikuwa inamwondoa kimyakimya kwa mwenendo mbaya kwa wanafunzi. Tungegunduaje?*

Barua huandikwa pia na wanaotaka mtu aondoke. Mpigie mkuu wa shule aliyotoka kwa namba ya ofisi uliyoitafuta mwenyewe, badala ya namba iliyo kwenye wasifu, ukiwa na idhini ya mwombaji kwa maandishi. Muulize waziwazi kama kuliwahi kuwa na lalamiko lolote linalohusu usalama wa mwanafunzi, na kama angemrudisha mwalimu huyo bwenini kwake. Akisita, au akikwambia usome barua, simamisha ajira hiyo hadi upate jibu kamili, hata kama darasa litakaa wiki mbili bila mwalimu wa somo hilo. Na kama mwalimu huyo bado yuko kwenu, mwondoeni kwenye majukumu ya bweni leo wakati mnafuatilia, kisha lipelekeni suala hilo kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri bila kusubiri uchunguzi wa ajira ukamilike.