Usimwagie asali matunda mabichi ukadhani umeyahifadhi

Kila msimu wa matunda ya porini naletewa chupa za aina moja. Zambarau mwitu au matunda ya mchongoma yameoshwa vizuri, yamejazwa chupani, yakamwagiwa asali ya miombo mpaka juu, kifuniko kikakazwa ili yaliwe kiangazi. Baada ya wiki mbili hivi kifuniko kimevimba, povu limepanda na harufu ni ya wanzuki, ile pombe ya asali. Mwenye chupa hulaumu asali kwamba imechakachuliwa. Mara nyingi asali haikuwa na kosa lolote. Kosa ni maji yaliyokuwa ndani ya matunda.

Asali haiharibiki kwa sababu maji yake ni machache mno. Kiwango cha kimataifa kinataka yasizidi asilimia 20, na asali nzuri iliyoiva huwa chini ya hapo. Hamira za asili zikiingia humo hunyonywa maji zikashindwa kuzaliana. Sasa tazama unachofanya. Matunda mengi mabichi yana maji yanayokaribia asilimia 85. Chukua kilo 1 ya matunda, yaani gramu 850 za maji, weka na kilo 1 ya asali yenye gramu 180 za maji. Jumla ni kilo 2, na ndani yake gramu 1,030 ni maji. Zaidi ya nusu! Asali imekuwa togwa tamu, na hamira zilizokuja na maganda ya matunda zinaanza kazi siku hiyo hiyo. Kuongeza asali kidogo juu hakuponyi kitu. Kukaza kifuniko ni hatari zaidi, maana gesi ikikosa pa kutokea chupa hupasuka.

Kwa hiyo maji yatoke kabla asali haijaingia. Kuna njia mbili, na zote zinahitaji mizani. Nasisitiza mizani kwa sababu wengi bado wanapima kwa kikombe. Lita 1 ya asali ina uzito wa kilo 1.4 hivi, ndiyo maana ndoo ya lita 20 inabeba kilo 28. Anayepima kikombe kwa kikombe hajui ametia asali kiasi gani, na hesabu zote zinazofuata hapa zitamharibikia. Mizani ndogo ya jikoni inatosha. Kikundi cha watu kumi hakikosi namna ya kuchangia moja, ukilinganisha na asali inayomwagwa kila mwaka.

Njia ya kwanza ni kupika. Lainisha matunda kwa moto mdogo na maji yasiyozidi robo kikombe kwa kila kilo, kisha yapitishe kwenye chekecheke kuondoa kokwa na maganda. Pima kilo 1 ya rojo. Sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu uchachu wa matunda haya hula alumini. Ipime ikiwa tupu na uandike uzito wake ukutani kama huna karatasi, usitegemee kukumbuka. Chemsha rojo peke yake, ukikoroga bila kuacha, mpaka kilo ile ibaki gramu 500. Hapo ndipo unatia asali kilo 1, siyo kabla. Asali ikichemka muda mrefu hupoteza harufu na kuwa nyeusi, na hiyo harufu ndiyo mteja anailipia. Endelea na moto mdogo mpaka vyote viwili vifike kilo 1.4. Kama sufuria tupu ina gramu 900, mizani isome kilo 2.3. Ikisoma kilo 2.5 hujamaliza, hata kama mkono umechoka na rojo linaonekana zito. Rojo la moto likionekana zito au jepesi lisikudanganye. Amini mizani.

Wapo wanaoniuliza kuhusu kipimajoto. Zile nyuzi 104 au 105 zinazoandikwa kwenye maelezo ya jemu ni za sukari ya kawaida, tena kwa usawa wa bahari. Asali huchemka tofauti na sukari hiyo, na Njombe au Tabora maji yenyewe huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Uzito haubadiliki kwa sababu uko mlimani.

Katika kilo 1.4 hiyo maji yamebaki karibu asilimia 30. Ni mengi kuliko ya asali tupu, kwa hiyo uchachu wa matunda na usafi wa chupa lazima vifanye sehemu yao. Tumia matunda makali. Yakiwa yameiva kupita kiasi na kuwa matamu, tia vijiko viwili vya maji ya limao kwa kilo. Jaza chupa rojo likiwa bado la moto sana, acha nafasi ya nusu sentimita juu, funga, kisha zitumbukize chupa kwenye maji yanayotokota na kuzifunika. Pwani dakika 10 zinatosha. Kati ya mita 1,000 na 1,800 ni dakika 20, na hesabu inaanza maji yakishatokota tena, siyo pale ulipotumbukiza chupa. Kifuniko kilichotulia bila kuvimba, rojo halitoi povu: umefaulu.

Njia ya pili inawafaa wanaotaka asali ibaki mbichi. Toa kokwa, pasua matunda, yakaushe juu ya kichanja chenye wavu mpaka kila kilo ya nyama ya tunda ibaki chini ya gramu 190. Gramu 250 bado ni mabichi, hata kama yamesinyaa na kuonekana makavu kwa nje. Yakishapoa ndipo uyafunike kwa asali. Na asali hiyo iwe imetoka kwenye masega yaliyofunikwa kwa nta angalau robo tatu. Mfugaji anayevuna masega yaliyo wazi ili awahi bei anauza maji, na hapa hakuna moto wa kumficha. Usikaushe wakati wa mvua, na usiache ndoo ya asali wazi usiku, kwa sababu asali hunyonya unyevu wa hewani.

Kwa njia yoyote, asali na vitu vilivyotengenezwa nayo haviliwi na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata kulambishwa kwa ncha ya kidole. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu unaoweza kuua, na kuchemsha kwa kawaida jikoni hakuziui. Nimeona akina mama wakiweka kijiko kwenye uji wa mtoto wa miezi sita wakidhani wanampa afya. Acheni kabisa. Andikeni onyo hilo kwenye lebo kwa herufi kubwa, pamoja na tarehe ya kufunga. Chupa iliyopikwa, ikishafunguliwa, ikae mahali pa baridi na iliwe ndani ya wiki tatu, kwa kijiko kikavu.