Titi lenye silikoni likikakamaa, weka kando kitambaa cha moto

Mimi ni fundi cherehani hapa Arua, Uganda. Mwaka 2017 nilikatwa titi la kushoto kwa ajili ya kansa, huko India, na hapo hapo nikawekewa kipandikizi cha silikoni, kisha nikapigwa mionzi mara 25. Miaka miwili baadaye titi lile likaanza kukakamaa. Siku hizi wanawake wenzangu hunijia dukani kama wanaotaka kupimwa gomesi, na pazia likishushwa wananiuliza: hili gumu ninalolishika ni nini, na nifanyeje?

Mwili ukiwekewa kitu kigeni hukijengea kovu pande zote, mfano wa mfuko. Hilo humpata kila aliyewekewa, wala si ugonjwa. Ubaya ni pale mfuko unapojikaza na kukibana kilichomo. Silikoni yenyewe hubaki laini vilevile. Linalokuwa gumu ni kovu. Mionzi huongeza sana hatari hiyo, na pia damu iliyovilia ndani baada ya upasuaji, na vijidudu vinavyojishikiza kwenye kipandikizi kimyakimya bila hata kuleta homa.

Mimi niligundua kwa futi kamba. Simama wima mbele ya kioo, pima kutoka kishimo cha chini ya koo hadi mkunjo wa chini wa titi, kulia na kushoto, uandike. Kushoto kwangu kulikuwa sentimita 26, miezi minne baadaye 24: kovu lilikuwa linakisukuma kipandikizi juu. Kisha lala chali. Titi lisilobanwa hutambaa kidogo kuelekea kwapani. Lililobanwa hubaki limesimama kama mpira. Madaktari hupanga hali hii kwa daraja nne za Baker. La kwanza ni laini kabisa. La pili ni gumu kidogo ukilishika, lakini kwa macho halionekani. La tatu ugumu unaonekana na umbo limeharibika. La nne linauma. Mimi nilifika la nne, usiku nikawa silali ubavu wa kushoto.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Shangazi yangu, kwa mapenzi tu, aliniambia nikande. Nikapasha kitambaa kwa pasi ya mkaa, nikakibandika. Sikuhisi kitu, nikaona dawa inaingia. Nilipokiondoa, ngozi ilikuwa imetoka lengelenge kubwa kama sarafu ya shilingi mia tano. Ngozi iliyokatwa na kupigwa mionzi mara nyingi haina hisia. Itaungua na wewe umetulia. Hicho kidonda kilinichelewesha miezi miwili. Wapo madaktari wanaomwelekeza mgonjwa kusugua taratibu wiki za mwanzo baada ya upasuaji, lakini kovu lililokwisha kukaza haliyeyuki kwa kukandwa.

Usikubali pia mtu alibinye kwa nguvu ili kovu lipasuke. Kuna kliniki moja walitaka kunifanyia hivyo. Njia hiyo ilikuwepo zamani, ikaachwa kwa sababu ilipasua vipandikizi na kuvujisha damu ndani.

Nenda hospitali kabla maumivu hayajakuzoea. Anza na altrasaundi. Daktari akitilia shaka kwamba silikoni imepasuka, atakutuma kwenye MRI, kipimo cha picha kwa mashine ya sumaku. Kama ulikuwa na kansa, sharti ahakikishe haijarudi, kwa hiyo usiridhike na jibu la “ni kovu tu” bila kipimo. Titi likiwa jekundu, la moto, nawe una homa, nenda siku hiyo hiyo. Beba kadi ya kipandikizi, inayotaja kampuni na aina yake. Mimi niliambiwa niitafute kwanza kabla ya lolote, maana Julai 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni vipandikizi vyake vya BIOCELL vyenye ngozi ya kukwaruza, kwa kuhusishwa na kansa ya nadra ya chembe za kinga. Asiye na dalili hakushauriwa kuvitoa. Ila titi likivimba ghafla miaka mingi baadaye, maji yake yatolewe na yapimwe.

Katika daraja la mwanzo baadhi ya madaktari hujaribu vidonge vya pumu, montelukast. Usijinunulie dukani, maana dawa ya ukoo wake, zafirlukast, inaweza kuumiza ini.

Daraja la tatu na la nne tiba yake ni kisu. Daktari hulipasua kovu lilegee, au hulitoa, akaweka kipandikizi kipya, pengine akakihamishia chini ya msuli wa kifua. Muulize waziwazi uwezekano wa kovu kurudi, kwa sababu hurudi, hasa kwenye ngozi ya mionzi. Njia nyingine ni kujenga titi kwa nyama ya tumbo au ya mgongo. Daktari wangu aliponieleza msuli wa mgongo, aliniuliza kazi yangu. Nikamwonyesha mkono unaozungusha gurudumu la cherehani, unaotegemea msuli huo. Tukakubaliana: kipandikizi na kovu vitoke, kisiingie kingine.

Kabla ya kulala mezani hakikisha daktari ameandikishwa na Baraza la Madaktari, na ni wa upasuaji wa kurekebisha viungo. Kwa Kampala ulizia hospitali ya Kiruddu, au ya CoRSU kule Kisubi, njia ya Entebbe. Baada ya upasuaji nilirudi nyumbani na mrija wa kutoa maji ya kidonda. Kila asubuhi nilipima maji yake kwa kikombe chenye alama, ukatolewa yalipoteremka chini ya mililita 30 siku mbili mfululizo.

Sindiria nimejishonea. Upande wa kushoto una mfuko wa pamba wenye mtama, gramu 400, nilioupima kwenye mizani ya muuza dagaa, maana upande mmoja ukiwa mwepesi bega hupanda na mgongo huuma. Mtama unatolewa, mfuko unafuliwa. Ukija, njoo na sindiria unayoivaa sana. Nusu saa inatosha.