Jinsi ya Kusali Kama Mwana, si Kama Kibarua

Mkristo anayehesabu ibada alizohudhuria na siku alizofunga anaweza kufika jioni bila kusema na Mungu hata neno moja la kutoka moyoni. Anza kwa kusoma Luka sura ya 15, mstari wa 11 hadi wa 32, yaani mfano wa mwana mpotevu aliyerudi kwa baba yake, polepole, ukimtazama zaidi yule kaka yake mkubwa aliyebaki nyumbani: alidai kwamba hakuwahi kuvunja amri ya baba yake, lakini alipoyaeleza maisha yake nyumbani alijiona mtumishi, akalalamika kwamba hakupewa hata mwana-mbuzi, ilhali mali yote ya baba ilikuwa yake. Naamini wengi wetu tulio waaminifu kanisani tumesimama hapo.

Kisha keti mahali patulivu, hata kando ya jiko kabla chai haijachemka, umwite Mungu Baba na kumweleza jambo moja la kweli, kama hofu ya ada ya shule au kinyongo ulicho nacho kwa ndugu yako, bila kulipamba kwa maneno ya mimbarani. Nyamaza kidogo.

Amri hazifutwi kwa kufanya hivyo; katika Yohana 14:15 Yesu anataja kumpenda kwanza, ndipo kuzishika amri zake. Kwa hiyo siku utakayoanguka, usingoje wiki nzima ya kujirekebisha ndipo urudi kusali: nenda usiku uleule, litaje kosa kwa jina lake, na kama ulimdhulumu mtu, mwendee asubuhi ukamwombe radhi.