Red red ya Ghana bila samaki: kunde za mawese na ndizi mzuzu za kukaanga

Red red ni kunde zilizoungwa kwa mafuta ya mawese, zikaliwa na ndizi mbivu za kukaanga. Huko Ghana, wapishi wengi hutia samaki mkavu au kamba wa kusaga. Ukiwaondoa na kuacha mengine yote vilevile, mchuzi unapooza. Ladha inabidi itafutwe kwenye kitunguu, kwenye nyanya ya kopo iliyokaangwa hadi ikolee, na kwenye mawese yenyewe.

Vipimo hivi vinatosha watu wanne: kunde gramu 400, mawese mililita 120, vitunguu maji 3 vikubwa, nyanya mbivu 4, nyanya ya kopo vijiko 2 vya chakula, tangawizi kipande cha urefu wa kidole gumba, vitunguu saumu punje 4, pilipili mbuzi 1, chumvi, ndizi mzuzu 4, na mafuta ya alizeti nusu lita ya kukaangia. Ukipata gari, yaani chenga za muhogo uliochachushwa, ukakamuliwa na kukaangwa, andaa kikombe kimoja cha kunyunyizia juu. Usiweke unga wa makopa badala yake. Gari imeshaiva, unga wa makopa ni mbichi na utaganda mdomoni. Kama huna gari, acha tu.

Hatua ya 1: Chagua ndizi siku kadhaa kabla

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na wanaharibu sokoni, si jikoni. Tafuta mzuzu au mkono wa tembo. Kisukari haifai: ni laini mno na inavunjikavunjika kwenye mafuta. Ndizi za Bukoba zinapikwa zikiwa mbichi, zikiiva zinalegea, hazishiki umbo.

Mzuzu wa kijani una wanga mwingi na sukari kidogo sana. Ukiukata mwembamba unapata krispi nzuri, lakini ukiukata mnene unatoka mkavu na mgumu kutafuna. Ukiwa wa njano tupu bado una unga katikati. Unaotakiwa ni wa njano wenye madoa meusi yaliyofika karibu nusu ya ganda. Ukiubonyeza unabonyea kidogo kisha unarudi. Huo una sukari ya kutosha kushika rangi, na bado una wanga wa kuushikilia usivunjike. Ukishakuwa mweusi wote lakini haujachuruzika maji, usiutupe. Matumizi yake yako mwishoni.

Ukinunua za kijani, ziache juu ya meza, nje ya friji. Baridi inazizuia kuiva sawasawa: ganda linakuwa jeusi na ndani kunabaki unga. Una haraka? Zifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi moja iliyoiva. Mfuko wa plastiki unatunza unyevu na kuleta ukungu kwenye kikonyo.

Hatua ya 2: Chemsha kunde peke yake

Chambua, osha, kisha loweka saa 4 hadi 6. Unaweza kuruka kuloweka kama kunde ni za msimu huu, ila zilizokaa ghalani zinahitaji maji. Mwaga maji ya kulowekea, weka mapya yapite kunde vidole vitatu, chemsha kwa moto wa wastani dakika 40 hadi 60.

Usitie nyanya hapa. Uchachu unazuia ganda la kunde kulainika, na ukiitia mapema utaunguza gesi ya jiko saa mbili bila mafanikio. Kunde sugu zisaidie kwa magadi, robo ya kijiko cha chai, isizidi. Magadi mengi yanaacha ladha ya sabuni na kunde zinageuka uji. Zimeiva pale unapoponda moja kati ya ulimi na kaakaa bila kutumia meno. Tia chumvi kijiko kimoja cha chai, kisha bakiza kikombe kimoja na nusu cha maji yake. Hayo usiyamwage.

Hatua ya 3: Unga kunde kwa mawese

Saga nyanya, tangawizi, saumu, pilipili na kitunguu kimoja. Vile viwili vilivyobaki vikate vyembamba.

Mimina mawese kwenye sufuria pana, moto wa wastani. Mawese yanaganda kwa baridi, kwa hiyo usishtuke yakitoka kwenye chupa kama siagi. Subiri yayeyuke na yapate moto, lakini yasitoe moshi. Yakifuka, ile rangi nyekundu inaungua na kupotea, na harufu yake inabadilika. Kuna mapishi ya Nigeria yanayochoma mawese makusudi hadi yapauke. Red red si mojawapo. Walio karibu na Kigoma wanapata mawese kwa urahisi. Walio Ulaya na Ghuba watayakuta kwenye maduka ya vyakula vya Kiafrika. Soma chupa: mafuta ya michikichi yaliyosafishwa hadi yakawa ya njano nyepesi hayana rangi wala harufu ya mawese.

Tia vitunguu vilivyokatwa na chumvi kidogo. Vikaange dakika 12 hivi, hadi kingo ziwe za kahawia. Usivikatishe vikiwa vyeupe. Hapa ndipo unapofidia samaki. Weka nyanya ya kopo, ikaange peke yake dakika 3 ukigeuza kwa mwiko hadi iwe nyekundu iliyoiva kuelekea kahawia na ianze kushika chini. Sasa mimina vilivyosagwa. Punguza moto, acha vitokote bila mfuniko dakika 15 hadi 20.

Alama ya kuiva ni mafuta kujitenga na kupanda juu, na mwiko ukipita chini unaacha njia inayochelewa kuziba. Ukitia kunde kabla ya hapo, chakula kitakuwa na uchachu wa nyanya mbichi ambao hata sukari haiuondoi.

Ingiza kunde na yale maji yake. Ponda kama kikombe kimoja ukutani mwa sufuria ili rojo liwe zito. Moto mdogo, dakika 15, kisha onja chumvi. Likiwa jepesi, endelea kuchemsha bila mfuniko, usiongeze unga. Ukiepua, liache dakika 10 lipumzike wakati unakaanga.

Hatua ya 4: Kaanga ndizi mwisho kabisa

Kata ncha mbili, chana ganda kwa urefu, menya. Kata vipande vya mshazari, unene wa sentimita 1. Chumvi nyunyiza dakika moja kabla ya kukaanga, si mapema, kwa sababu inavuta maji na mafuta yatarukaruka.

Mafuta yawe na kina cha sentimita 2. Tumbukiza mpini wa mwiko wa mbao: vipovu vidogo vikiuzunguka mfululizo, yako tayari. Panga vipande visigusane, dakika 2 hadi 3 kila upande. Ukijaza kikaango, mafuta yanapoa na ndizi zinayanywa. Nje zikiwa nyeusi na katikati ngumu, ama moto ni mkali au ndizi hazijaiva. Sukari inaungua haraka, kwa hiyo kadiri ndizi ilivyoiva ndivyo moto unavyopungua.

Epua zikiwa na rangi ya asali iliyokolea, uziweke kwenye waya au chujio. Ukizirundika juu ya karatasi, mvuke unazilainisha.

Pakua kunde, ndizi pembeni, gari juu, na parachichi ukipenda. Kunde zitakaa siku tatu kwenye friji. Unapozipasha, ongeza maji, kwa kuwa zinafyonza rojo usiku. Ndizi zilizokaangwa hazitunziki.

Zile nyeusi kabisa

Tatu zinatosha kwa tatale, vitumbua bapa vya ndizi vya Ghana. Ziponde kwa uma, usisage kwa blenda, la sivyo unapata gundi. Changanya na nusu kitunguu kilichokatwakatwa, tangawizi iliyoparuzwa, pilipili, nusu kijiko cha chai cha chumvi na unga wa mahindi vijiko 4 vya chakula. Acha dakika 20 unga unywe maji. Pakaza mawese kwenye kikaango, dondosha kwa kijiko, bapaza, moto mdogo. Usigeuze mpaka kingo zikauke. Zikivunjika, ongeza kijiko kimoja cha unga kwenye mchanganyiko uliobaki. Zitatoka nyeusi kuliko chapati za maji, na ndivyo zinavyotakiwa.

Tatale huliwa na njugu mawe. Ziloweke usiku kucha, uzichemshe saa 2 hadi 3 au zaidi, na sukari kidogo uitie zikishalainika.